Somo: Jinsi ya Kuzisoma Hati za Wapelelezi

Mtu akifungua jalada la zamani na kuona humo ya kuwa mchungaji wake alikuwa mpelelezi wa polisi ya siri, afanyeje? Je, aamini mara moja? Au alitupe jalada, akisema yote ni uongo? Njia zote mbili si za haki. Basi na tujifunze njia ya tatu.

Katika Ujerumani ya Mashariki, iliyotawaliwa na chama cha Kikomunisti kwa miaka arobaini, palikuwa na Wizara ya Usalama wa Dola, ambayo watu waliiita Stasi. Iliundwa mwaka 1950. Mwaka 1989 ilikuwa na watumishi wapata 91,000, na tena wapelelezi wa siri zaidi ya 170,000: walimu, mafundi, waganga, hata watumishi wa Kanisa. Utawala ulipoanguka, maofisa walianza kuzichoma na kuzirarua hati. Lakini wananchi waliziingia ofisi zao, huko Erfurt tarehe 4 Desemba 1989, na huko Berlin tarehe 15 Januari 1990, wakazuia. Hati zilizosalia, zikipangwa rafuni, urefu wake wapata kilometa 111. Tangu mwaka 1992 kila mtu aweza kusoma yaliyoandikwa juu yake. Msimamizi wa kwanza wa hati hizo alikuwa mchungaji, Joachim Gauck, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Ujerumani.

Asomaye hati hizo yampasa kuuliza maswali manne.

Kwanza: Ni nani aliyeandika? Mara nyingi mpelelezi alisema kwa kinywa, na ofisa wake akaandika baadaye kwa maneno yake mwenyewe. Taarifa iliyoandikwa kwa mkono wa mpelelezi, au stakabadhi ya fedha alizopokea, ina uzito zaidi.

Pili: Aliandika kwa nini? Ofisa alitakiwa kuwaonyesha wakubwa wake matunda ya kazi, hivyo aliweza kulikuza jambo dogo. Lakini tusiseme kwamba alibuni yote. Kazi yake ilikaguliwa, na taarifa zililinganishwa, kwa maana wakubwa walitaka habari za kweli.

Tatu: Maneno yake yana maana gani? Tangu mwaka 1982 watu walikusanyika kila Jumatatu katika kanisa la Nikolai, Leipzig, kuombea amani. Machoni pa polisi, mikutano ya namna hii ilikuwa mahali pa adui. Neno "adui" katika jalada latuonyesha hofu ya mwandishi kuliko mwenendo wa waliotajwa.

Nne: Yuko shahidi mwingine? Tutafute barua, kumbukumbu za baraza la kanisa, maneno ya waliopelelezwa, na maneno ya mtuhumiwa mwenyewe. Neno la shahidi mmoja halitoshi.

Tazama mfano. Manfred Stolpe alikuwa mwanasheria katika uongozi wa Kanisa la Berlin-Brandenburg, kisha waziri mkuu wa jimbo la Brandenburg. Katika hati alitajwa kwa jina la siri "Sekretär". Alikiri kwamba alikutana na maofisa kwa ajili ya mambo ya Kanisa, lakini akakana kwamba alikubali kuwa mpelelezi wao. Hati ya ahadi yenye sahihi yake haikuonekana. Je, hiyo yamwondolea tuhuma? Si lazima, kwa kuwa watu wa Kanisa mara nyingi hawakudaiwa ahadi ya maandishi. Je, jina la siri lamhukumu? Nalo peke yake halitoshi. Hata alipofariki mwaka 2019 watu hawakuwa na shauri moja juu yake.

Ndugu, aliyesalitiwa na rafiki yake ana haki ya kujua kweli. Naye aliyetajwa katika jalada ana haki ya kusikilizwa. Asomaye kwa haraka aweza kumdhulumu huyu au yule. Basi tusome polepole.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini ukosefu wa sahihi hautoshi kumwondolea mtu tuhuma?
2. Hati ya polisi yatufundisha nini juu ya polisi wenyewe?
3. Ukisikia neno baya juu ya ndugu katika mtaa wako, utauliza lipi kwanza katika maswali yale manne?