Kumkosoa Ndugu Bila Kumvunja: Somo Kutoka Barua za Augustino na Yeronimo

Utangulizi

Katika maisha ya seminari na ya parokia, kazi ya mtu mmoja huwekwa mara kwa mara mbele ya macho ya wengi. Frateri anasoma homilia ya mazoezi mbele ya darasa. Mwanakwaya anatunga wimbo, na katibu wa jumuiya ndogo ndogo anaandika taarifa. Makala inabandikwa kwenye gazeti la ukutani. Kisha yanafuata maoni. Yapo yanayojenga, na yapo yanayomfanya mtu aape kutoshika tena kalamu. Katika somo hili tunajiuliza: tunamkosoaje ndugu yetu kwa haki? Na yule aliyekabidhiwa kusimamia mazungumzo ya namna hiyo ana wajibu gani?

1. Kuonyana ni tendo la upendo

Bwana wetu ametupa utaratibu katika Mt 18:15-17. Ndugu akikosa, tumwendee kwanza tukiwa naye peke yake. Asiposikia, tuwachukue mmoja au wawili. Ni baada ya hapo tu ndipo jambo hupelekwa kwa Kanisa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (II-II, swali la 33), anafundisha kwamba kumwonya ndugu ni tendo la upendo, na kwamba tumeamriwa kulifanya. Hivyo anayenyamaza akimwona mwenzake anapotoka asidhani kwamba amekuwa mpole kwake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja makosa matatu yanayoharibu heshima ya mtu (KKK 2477): kumhukumu bila msingi wa kutosha, kufichua makosa yake kwa wasiohusika bila sababu ya haki, na kumsingizia uongo. Tuangalie lile la pili. Hata jambo la kweli linaweza kuwa dhambi likisemwa mahali pasipostahili. Kwa hiyo kujitetea kwa kusema “mimi nimesema ukweli tu” hakumalizi hesabu.

2. Barua iliyotangulia kufika kwingine

Historia ya Kanisa inatupatia mfano ulio wazi. Mtakatifu Yeronimo, akiishi Betlehemu, alikuwa ameandika ufafanuzi wa Waraka kwa Wagalatia. Alipofika Gal 2:11-14, pale Paulo anapompinga Petro mbele ya watu kule Antiokia, aliwafuata wafafanuzi wa Kigiriki waliotangulia, akasema kwamba mitume hao hawakugombana kweli. Walifanya kama igizo ili kuwafundisha waamini.

Augustino, wakati huo akiwa bado padre huko Afrika ya Kaskazini, alishtushwa. Alijiuliza: tukikubali kwamba katika Maandiko Matakatifu kuna uongo uliosemwa kwa nia njema, ni neno gani litabaki bila kutiliwa shaka? Hoja yake ilikuwa nzito, na alikuwa na haki ya kuitoa. Mnamo mwaka 394 au 395 alimwandikia Yeronimo. Mjumbe aliyekabidhiwa barua hiyo akateuliwa kuwa askofu, akafa kabla ya kuifikisha.

Miaka michache baadaye Augustino, sasa akiwa askofu, aliandika tena. Safari hii maneno yake yalikuwa makali zaidi: alimtaka Yeronimo ayakanushe hadharani aliyoyaandika. Mjumbe wa pili hakusafiri, kwa kuogopa bahari. Lakini barua ilinakiliwa, ikasomwa Roma na kwingineko Italia, na nakala yake ikaonekana hata katika kisiwa kimoja cha Bahari ya Adriatiki. Watu wengi waliisoma kabla ya mwenyewe kuiona. Ikavuma kwamba Augustino ameandika kitabu cha kumshambulia Yeronimo na kukipeleka Roma. Yeronimo, mzee kwa umri na mashuhuri kwa elimu, aliumia, na marafiki zake wakamchochea wakisema kijana huyu anatafuta sifa kwa mgongo wake.

Nani leo hajaona jambo kama hilo? Ujumbe aliokusudiwa mtu mmoja unapita simu kumi kabla ya kumfikia, na kila mkono unauongezea chumvi.

3. Walivyotoka katika hatari hiyo

Uhusiano wao ungeweza kuvunjika kabisa, kama ulivyokwisha kuvunjika ule wa Yeronimo na rafiki yake wa ujanani, Rufino. Tuone kilichowaokoa.

Yeronimo hakujibu kwa haraka. Nakala aliyopata haikuwa na sahihi, basi akamwomba Augustino athibitishe kama maneno yale ni yake kweli, ndipo ajibu. Hakuficha kwamba ameumia, lakini hakutaka kumhukumu mtu kwa karatasi asiyoijua asili yake.

Augustino naye alikana kwamba alitunga kitabu dhidi yake, na mahali alipomuumiza aliomba msamaha. Alisikitika sana kuhusu Yeronimo na Rufino, akaona jinsi hata marafiki wakubwa wanavyoweza kufika mahali pabaya. Katika barua ndefu ya mwaka 404 au 405 alikiri kwamba, ingawa kwa cheo cha Kanisa uaskofu ni mkubwa kuliko upadre, yeye Augustino ni mdogo kuliko Yeronimo katika mambo mengi. Hata hivyo hoja yake kuhusu ukweli wa Maandiko hakuiacha. Alijishusha yeye mwenyewe bila kuushusha ukweli.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 415, katika mapambano dhidi ya mafundisho ya Pelajio, Augustino alimtuma padre kijana Orosio kwa Yeronimo, akiwa na maswali ya kumwomba ushauri. Waliokuwa wakitiliana shaka sasa walikuwa bega kwa bega.

4. Wajibu wa anayesimamia

Mtakatifu Posidio, aliyeandika maisha ya Augustino, anasimulia kwamba juu ya meza ya kulia chakula katika nyumba ya askofu yaliandikwa maneno ya kumkumbusha kila mgeni kwamba anayependa kuwasema wasiokuwapo hana nafasi mezani hapo. Siku moja maaskofu wenzake, marafiki wa karibu, walisahau wakaanza kusengenya. Augustino aliwaambia ama maneno yale yafutwe mezani, ama yeye ainuke na kwenda chumbani kwake.

Hapa msimamizi wa gazeti la ukutani, kiongozi wa darasa au mwenyekiti wa jumuiya anajifunza mambo mawili. Kanuni iwekwe mahali pa wazi kabla ya kosa kutokea, na iwabane rafiki na mgeni sawasawa. Anayewanyamazisha wanyonge na kuwaachia wakubwa amewafundisha wote kwamba kanuni ni fimbo ya wachache.

Anapopokea maoni juu ya kazi ya mtu, ajiulize: yanahusu kazi, au yanamhusu mtu, kabila lake, sura yake? Yanaweza kuthibitishwa? Mhusika ameyasikia kwanza? Maneno kama “homilia hii haikugusa Injili ya leo” yanampa mwandishi kazi ya kufanya. “Huyu hajui kitu” yanampa jeraha tu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Lakini msimamizi ajihadhari na kishawishi kingine, yaani kuondoa kila neno linalomkera yeye na kuuita ukimya huo amani. Paulo alimwambia Petro ukweli, na Kanisa halikupoteza kitu kwa kuuhifadhi ugomvi ule katika Maandiko.

5. Siri ina mpaka

Mtakatifu Thoma anaeleza kwamba onyo la faragha hutangulia ili kulinda heshima ya mkosaji. Lakini dhambi ya siri inayowadhuru wengine hutakiwa kufichuliwa mara moja, isipokuwa pale tunapokuwa na hakika kwamba onyo la faragha litauzuia ubaya huo. Mtoto akidhulumiwa, kwa mfano, tusijifiche nyuma ya Mt 18 na kusubiri hatua ya pili. Jambo hilo lifikishwe bila kuchelewa kwa wenye mamlaka. Faragha imewekwa kwa ajili ya kumponya ndugu, si kwa ajili ya kuficha madhara.

Maswali ya kutafakari

1. Mara ya mwisho tulipokosoa kazi ya mwenzetu, je, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia?
2. Tunapopokea maneno makali yenye jina la mtu, huwa tunathibitisha kama Yeronimo, au tunasambaza?
3. Katika jumuiya yetu, je, mdogo anaweza kumwambia mkubwa ukweli na bado akabaki na kiti chake mezani?