Sharti Kanushi: -sipo- na -singe-

Mvuvi anayepanga kwenda peke yake kuvua trauti katika Ziwa Rutundu, Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, humwachia nduguye ujumbe. Linganisha:

(a) Nisiporudi Jumapili, waarifu askari wa hifadhi.
(b) Nisingerudi Jumapili, ungewaarifu askari wa hifadhi.

Katika (a), -sipo- huonyesha sharti linaloweza kutimia. Kitenzi kinachofuata ni agizo. Sentensi (b) ni sahihi kisarufi, lakini -singe- hulifanya jambo kuwa la kudhania tu, na nduguye huenda akakaa nyumbani akisubiri. Tofauti hii vitabu vingi huipitia haraka mno.

Zoezi: Endeleza ujumbe huo kuhusu mvua, hema na chakula, ukitumia -ki- mara mbili na -sipo- mara moja.