Kufundisha Matumizi Salama ya Plagi na Soketi

Mwanafunzi anayeambiwa tu, "Usiguse umeme," hujifunza woga, wala hajifunzi usalama. Woga huo nao humtoka siku amwonapo mtu mzima akichomeka kijiti katika tundu la juu la soketi, ili plagi ya pini mbili ipate kuingia, na asidhurike. Kwa hiyo yafaa somo hili lijengwe juu ya sababu kuliko juu ya makatazo.

SHABAHA: Mwanafunzi aweze kueleza kazi ya kila pini na ya fyuzi, na kukadiria mzigo wa soketi.

VIFAA: Plagi ya pini tatu isiyo na waya, bisibisi, fyuzi, na soketi kuukuu iliyokwisha kung'olewa ukutani. Soketi yenye umeme isitumiwe kamwe katika maonyesho. Hata shule isiyo na umeme yaweza kuendesha somo hili.

HATUA YA 1. Wanafunzi wapime pini kwa rula. Watagundua kuwa ile ya juu ni ndefu kuliko wenzake. Kwa nini? Mwalimu aifungue soketi na kuwaonyesha vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini. Pini ndefu hutangulia. Huunganisha chombo na ardhi kabla hakijapata umeme, kisha huvisukuma vifuniko. Kijiti nacho huvisukuma, lakini pini nyembamba hulegea na kupata joto, plagi yenyewe haina fyuzi, na tundu lenye umeme huachwa wazi kwa mtoto mwenye msumari.

HATUA YA 2. Plagi ifunguliwe. Ikitazamwa kwa ndani, pini ya ardhi ikiwa juu, waya wa kahawia, yaani wa moto, hufungwa kulia penye fyuzi. Wa buluu hufungwa kushoto. Wa kijani na manjano hufungwa juu.

HATUA YA 3. Wanafunzi wagawe wati kwa volti ili wapate ampea. Birika la wati 2300 katika umeme wa volti 230 huvuta ampea 10. Pasi ya wati 1150 huvuta ampea 5. Vyote viwili vikitiwa katika waya mmoja wa nyongeza wenye fyuzi ya ampea 13, jumla ni 15. Hukumu waitoe wenyewe. Kisha waulizwe: je, mtu akiweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, ni nini kitakachoungua badala yake?

TATHMINI:
1. Kwa nini hatuchomoi plagi kwa kuvuta waya wake?
2. Kwa nini mikono iliyolowa ni hatari zaidi?
3. Mwenzako amenaswa na umeme. Utafanya nini kabla ya kumgusa? (Nitazima swichi kuu.)

KAZI YA NYUMBANI: Kila mwanafunzi azitazame soketi za nyumbani kwao au za jirani, bila kuzigusa, aandike kasoro azionazo, kisha awaeleze wazazi sababu ya kila hatari.