Bapa la Mpira wa Gari Lililolala



Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno mengi gari halipumziki. Mwaka wa mavuno haba hulala bandani miezi. Wengi wetu twadhani gari lililolala haliharibiki. Somo letu la leo ni juu ya mipira, ambayo huharibika hata ikiwa imesimama.

Tulijifunza haya Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, tulipokwenda kuwatembelea wakulima wa pamba. Gari letu lilivunjika chombo, tukangoja kingine majuma manne. Muda huo wote lilisimama juani, nyuma limepakiwa magunia ya mashudu ya pamba. Tulipoliondoa lilitetemeka hata usukani ukatikisika mikononi. Tulikuwa tayari kutoa fedha za Chama tununue mipira minne mipya. Fundi mmoja mzee akatuambia: "Wanangu, msinunue kwanza. Shusheni mzigo, jazeni upepo, mwende polepole, kisha mrudi niitazame."

Tukafanya hivyo. Mtetemo ukapungua sana, lakini haukwisha. Fundi alipoinua gari, mipira mitatu ilikuwa mizima. Wa nne, uliokuwa umelala karibu bila upepo, ulikuwa na uvimbe upande wa ndani. Basi tukanunua mpira mmoja, si minne. Na lau tungaliupuuza ule mtetemo uliobaki, huenda mpira ungalipasuka njiani tukiwa na watu garini.

Sababu ni hii. Ndani ya mpira mna nyuzi, na katika mipira mingi baadhi yake ni za nailoni. Nyuzi hizo zikipata moto hulegea, zikipoa hukaza katika umbo lile zilimo. Gari likitoka safarini na mipira ya moto, likasimamishwa na mzigo, sehemu iliyogusa chini hupoa ikiwa imebonyea. Hilo ndilo bapa. Ukiendesha, mpira hupata moto tena na bapa huondoka. Lakini gari likilala miezi, hasa kwa upepo mdogo, bapa laweza kubaki daima. Na bapa la kufunga breki kwa ghafula hata mpira ukaburuzika halirudi kamwe, kwa kuwa mpira wenyewe umelika.

Basi yatupasa kufanya haya:

1. Kabla ya kulaza gari, shusha mzigo wote. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na upime mipira ikiwa baridi.

2. Kila juma moja au mawili lisogeze gari, ili mipira ikanyage mahali pengine.

3. Likilala miezi, liinue juu ya vigingi imara, mipira isiguse chini. Jeki peke yake haitoshi, yaweza kuteleza.

4. Liweke kivulini, mahali pasipo mafuta yaliyomwagika. Jua hupasua mipira.

5. Siku ya kuliondoa, pima upepo tena, kisha utazame mipira pande zote mbili. Ukiona uvimbe, mpasuko mkubwa au nyuzi zimetokeza, usiende nayo popote.

6. Ikiwa haina kasoro, endesha kwa mwendo wa kiasi kilomita 20 au 30. Mtetemo usipokwisha, mpelekee fundi.

Tazameni pia umri wa mpira. Ubavuni mna tarakimu nne: 2619 maana yake umetengenezwa juma la 26 la mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri mpira usipite miaka 10, ijapokuwa waonekana mzima.

Ndugu zetu, msimu ukifika magari haya ndiyo yatakayobeba wachumaji na karafuu katika vilima vyetu. Kila mwenye gari lililolala na alitazame juma hili, asingoje siku ya kuchuma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katibu wa Chama