Mbao za Nje Zilizooza, na Maji Yaliyoziozesha

Nyumba tunayokaa mimi na ahali yangu, nje kidogo ya mji wa Lexington katika jimbo la Kentucky, ni moja katika zile ambazo sisi Waswahili wa huku huziita trela, kwa kuwa hujengwa nzima kiwandani juu ya kitanda cha chuma chenye magurudumu, kisha huvutwa barabarani mpaka kiwanjani, zikawekwa juu ya nguzo za matofali, na aghalabu zisiondoke hapo tena. Yetu ilitoka kiwandani mwaka 1984, na mbao zake za nje zilikuwa za unga wa mti uliokandamizwa kwa moto, ambazo uzuri wake ni wepesi wa bei, na ila yake ni kwamba zikinywa maji kwa ukingo wa chini hufura kama mkate uliochovywa chai, na zikisha kufura hazirudi.

Mimi ni mpwa wa fundi wa majahazi. Marehemu mjomba wangu, huko Pangani, alipokiendea chombo kilichopandishwa pwani kutengenezwa, alikuwa akiishika nyundo kwa kichwa chake na kuzigonga mbao kwa mpini, moja baada ya moja toka omo hata tezi, huku akisikiliza. Na palipojibu sauti nzito iliyokufa, alipatia alama ya mkaa. Hivyo ndivyo nilivyoukagua ukuta wetu wa kusini. Chini ya dirisha la jikoni sauti ilikufa, na nilipoudukua ubao kwa bisibisi, iliingia mpaka mpinini bighairi ya nguvu yoyote, ikatoka imebeba unga mweusi uliolowa, wenye harufu ya majani yaliyovunda.

Lakini kabla ya siku hiyo nilikwisha kutenda kosa ambalo namsihi msomaji wangu asilitende. Mwaka uliotangulia niliiona rangi imetutumka mahali papo hapo, nami nikaikwangua, nikazijaza nyufa silikoni, nikapaka rangi mpya, nikaridhika. Silikoni ile haikuyazuia maji kuingia, maana hayakuwa yakiingilia pale, iliyazuia kutoka. Mjomba hakupata asilani kutia kalafati na deheni juu ya ubao uliooza, na mimi niliyajua hayo tangu utotoni, na bado nilitenda niliyotenda, ikawa gharama ya ubao mmoja imegeuka gharama ya mbao tano na nguzo tatu.

Basi faradhi ya kwanza si kununua mbao, bali ni kuyatafuta maji. Palipooza siko kulikoingia maji, kwani maji huingia juu, hushuka gizani kwa kuifuata nguzo, kisha hutuama chini yasipopata njia. Nilipokwisha kuuvua ubao wa kwanza, nilimwita kijana wangu ashike mpira wa bustani, ayamimine maji polepole ukutani, akianzia chini na kupanda shibiri kwa shibiri, nami nikachuchumaa na tochi nikiitazama nguzo iliyokuwa wazi. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Maji yalipofika kwenye fremu ya dirisha, tone moja likachungulia katika pembe ya chini ya kushoto, likakaa, likanenepa, likateremka. Na nyuma yake likaja jingine. Dirisha lenyewe lilikuwa zima. Kilichokufa ni ule utepe laini unaowekwa baina ya ubawa wa fremu na ubao, ambao kwa miaka mingi ya jua na baridi ulikuwa umekauka ukawa kama udongo wa kichuguu.

Kabla ya kuzivua mbao nyingine yako mambo ya hadhari. Nyumba za namna hii zilizotengenezwa tangu tarehe 15 Juni 1976, ilipoanza kutumika kanuni ya ujenzi ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya Marekani, hutiwa kibati chekundu chenye nambari, inchi 2 kwa 4, kilichokazwa nje upande wa nyuma. Fundi asiyejua hukitupa pamoja na ubao uliooza, na kikipotea wizara haitoi kingine. Utakachopata ni barua ya kuthibitisha tu, na siku ya kuiuza nyumba au kuomba mkopo utaulizwa habari zake. Mimi nilikifungua kwa mikono yangu nikakitia ndani ya mtungi wa glasi kabla ya kugusa lolote. Umeme nao nilikwisha kuuzima kwenye swichi kubwa, kwani nyaya hupita humo humo ukutani. Na nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 sharti rangi yake ipimwe kwanza, kwa kuwa huenda ina madini ya risasi.

Kisha, usizivue mbao zote kwa pamoja. Katika nyingi ya nyumba hizi za zamani mbao za nje zimepigiliwa moja kwa moja kwenye nguzo, bila ya ubao mwingine nyuma yake, kwa hiyo si vazi la ukuta tu, bali ndizo zinazoushika usiyumbe kwa upepo. Mimi sikuzidisha mbili kwa wakati mmoja.

Ndani nilikuta sufi ya kioo imelowa, nikaitoa yote, nikauacha ukuta upigwe na feni, wala sikuufunga mpaka kipimo cha unyevu kiliposhuka vizuri chini ya asilimia 20. Najua jinsi mtu anavyotamani kumaliza, hasa mvua ikinukia. Lakini ukiufunga ukuta wenye maji umeufungia maradhi ndani, na ni afadhali turubai wiki nzima. Nguzo tatu, za inchi 2 kwa 4, nilizikata chini kupita mwanzo wa mti mzima kwa futi moja, nikapachika vipande vipya, nikaunga kila moja pacha ubavuni mwake. Ubao wa chini unaozibeba nilibadilisha kwa mbao iliyotiwa dawa.

Juu ya hayo nikalaza ile karatasi isiyopitisha maji lakini huuachia mvuke njia, na hapa atakayekumbuka makuti hatakosea: huanzwa chini, na kila tabaka la juu hulipanda la chini yake, angalau inchi 6, ili tone likishuka likute mgongo wala lisikute mdomo. Dirisha nikalirudisha kwa utepe mpya wa butili, na juu yake nikaweka bati lililokunjwa, lenye ukingo wa kuyatupa maji nje.

Mbao mpya nilizochagua ni za mti uliosagwa na kutiwa dawa, futi 4 kwa 8, zenye mifuo ya wima inayoshabihiana na ile ya zamani. Kila ukingo niliokata, ujapokuwa wa tundu la bomba, niliupaka rangi ya kwanza kabla ya kuupandisha ukutani, kwani ukingo uliokatwa ndio kinywa cha ubao. Baina ya ubao na ubao niliacha nafasi ya milimita 3, nikapiga misumari ya mabati kila inchi 6 kingoni na kila inchi 12 katikati, kichwa kikilala sawa na uso wa ubao pasipo kuutoboa. Chini niliacha inchi 6 toka ardhini, na kwa kuwa paa letu halikuwa na mifereji, nikafunga mifereji, maana nusu ya unyevu ule ulikuwa ni matone yanayodunda kutoka udongoni.

Kibati chekundu kilirudi mahali pake siku ile ile rangi ya pili ilipokauka. Mwezi Oktoba ilinyesha mvua ya siku mbili mfululizo, nami usiku wa pili nilikifungua kifuniko cha soketi ya umeme iliyo chini ya dirisha la jikoni, swichi kubwa ikiwa imezimwa, nikaingiza kidole nyuma yake kwenye sufi mpya. Ilikuwa kavu, yenye vumbi. Umebaki ukuta wa kaskazini, ambao niliugonga wote juma lililopita, na alama za mkaa zilizopo ni mbili, zote chini ya dirisha la chumba cha watoto.