Kabla ya Kununua Mbwa Mdogo, Mwone Mama Yake

Mkazi anayetaka mbwa mdogo wa nyumbani mara nyingi huanza na picha kwenye simu. Anapendezwa na Japanese Spitz mweupe au Maltese mwenye manyoya marefu, anatuma malipo ya kwanza kwa M-Pesa, kisha anangoja. Kuna wanaoletewa mbwa mgonjwa, na kuna wasioletewa chochote.

Ni heri kufika kwa mfugaji mwenyewe kabla ya kulipa. Huko mnunuzi aombe kumwona mama wa watoto hao, kwa kuwa ndiye anayeonyesha watakavyokuwa kwa ukubwa na tabia. Mama akiwa mkali kupita kiasi au amekonda mbavu zikihesabika, afadhali kurudi nyumbani mikono mitupu. Mfugaji anayesisitiza mkutane stejini ana jambo analoficha.

Swali la kwanza liwe umri. Mtoto wa mbwa hafai kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki 8. Baadhi ya wauzaji huwatoa mapema ili kuepuka gharama ya chakula, na kwa mbwa wadogo hilo ni hatari. Mtoto wa Chihuahua, ambaye hata akikomaa hupita kilo 3 kwa nadra, akikosa mlo sukari mwilini hushuka haraka na anaweza kufa. Alishwe kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku.

Kisha mnunuzi aombe kadi ya chanjo, na aisome. Iwe na tarehe, jina la chanjo na sahihi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini. Chanjo ya parvo, ugonjwa unaoleta kutapika na kuharisha damu, huanza kati ya wiki 6 na 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki 16. Kwa hivyo muuzaji anayedai kwamba mbwa wa wiki 7 "amemaliza chanjo zote" hasemi kweli. Aulizwe pia kuhusu dawa ya minyoo, na kama wazazi wana tatizo la magoti kuteguka, ambalo ni la kawaida kwa mbwa wadogo.

Mfugaji mzuri naye huuliza: nani atabaki na mbwa mchana? Mwenye nyumba anaruhusu? Asichukiwe kwa hilo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Udogo wa mbwa haumkingi na ugonjwa huo. Anayeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo inaweza kumwelekeza mkazi kuhusu chanjo na leseni ya mbwa.