Zamu ni ya Nani? Kuifundisha Kompyuta Mpangilio wa Kikundi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi vikundi vingi vina daftari la pili ndani ya simu au kompyuta, na mara nyingi kijana mmoja wa kikundi ndiye fundi wake. Ni jambo jema. Lakini daftari hili nalo linahitaji kuangaliwa.

Tuseme kikundi chenu kina mchango wa mzunguko. Kila mwezi mnachanga, na mmoja wenu anapewa fedha zote. Mlipiga kura, na zamu zikatoka hivi: Mutua, Wanjiru, Atieno, Chebet. Kijana wenu anaandika programu kwa JavaScript, lugha ya kompyuta iliyoanza mwaka wa 1995, kisha anatoa amri ya kupanga majina, yaani sort. Nini kinatokea? Inaleta Atieno, Chebet, Mutua, Wanjiru!

Kompyuta haikukosea. Ilifuata alfabeti tu, kwa sababu siku ya kura haikuwapo. Lakini Mutua aliyekuwa wa kwanza sasa ni wa tatu, na Wanjiru atangoja hadi mwisho. Hapo ndipo manung'uniko huanza.

Si majina peke yake. Siku za juma zikipangwa hivyo, Alhamisi inakuwa ya kwanza na Jumatatu ya mwisho. Hata michango ya shilingi 200, 500 na 1000 inapangwa 1000, 200, 500, kwa maana amri hiyo ikiachwa peke yake inasoma namba kama maneno, na 1 iko mbele ya 2.

Tufanye nini?

Kwanza, tuandike matokeo ya kura kama orodha:

const zamu = ["Mutua", "Wanjiru", "Atieno", "Chebet"];

Pili, tuiambie kompyuta ilinganishe watu wawili wawili kwa kutazama nafasi zao katika orodha hiyo:

wanachama.sort((a, b) => zamu.indexOf(a) - zamu.indexOf(b));

Maana yake ni hivi. Neno indexOf hutafuta nafasi ya jina, na kompyuta huanza kuhesabu kwa 0. Basi Mutua ni 0, Wanjiru 1, Atieno 2, Chebet 3. Tukilinganisha Atieno na Wanjiru, 2 toa 1 ni 1. Jibu likizidi sifuri, yule wa pili, yaani Wanjiru, hutangulia. Likiwa chini ya sifuri, wa kwanza hutangulia.

Jihadharini na mgeni

Sasa mtauliza, je, mwanachama mpya? Tuseme Nekesa amejiunga baada ya kura. Jina lake halimo katika orodha ya zamu, na indexOf isipopata jina hujibu -1. Hiyo ni chini ya 0, kwa hiyo Nekesa anaruka mbele ya Mutua! Hajachanga hata mara moja, na programu inamwita achukue fedha. Dawa ni kumpa nafasi ya nyuma asiyekuwa katika orodha:

const nafasi = jina => zamu.includes(jina) ? zamu.indexOf(jina) : zamu.length;
wanachama.sort((a, b) => nafasi(a) - nafasi(b));

Angalieni pia majina. Kwa kompyuta, "Mutua" na "mutua" ni watu wawili. Nafasi tupu baada ya jina pia huharibu mambo. Tena, sort hubadilisha orodha yenyewe, kwa hiyo mkitaka kuhifadhi ile ya zamani, fanyeni nakala kwanza.

Tusiseme kamwe, "kompyuta ndiyo imeamua." Kompyuta haiamui zamu ya mtu. Walioamua ni wanachama siku ya kura, na kazi ya fundi ni kuuandika uamuzi huo wazi. Katibu na ausome mbele ya wote, aulinganishe na daftari la karatasi, kabla shilingi haijatoka.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, nani anajua orodha ya zamu iliandikwa wapi?
2. Mwanachama mpya huingia wapi katika mzunguko? Tumekubaliana, au tunakisia?
3. Mkutano ujao, nani atailinganisha orodha ya simu na ile ya daftari?